Mswaki Wangu na Beringi za Mwanamisi

Niliuweka mswaki mdomoni asubuhi ya Alhamisi, kama nifanyavyo kila siku baada ya swala ya alfajiri, na kabla sijamaliza meno ya mbele nikaijua ladha ya difu. Usiniulize nimeijuaje. Au niulize tu, kwa sababu ninayo mpaka leo na sina wa kumpa. Kwanza ni petroli, ile inayopanda puani na kuchoma macho. Kisha ni chuma. Kisha ni kitu kizito chenye mnato, kinachoganda juu ya ulimi kama mafuta ya nyama ya mbuzi iliyolala, na ukitema hakitemeki. Nilitema uani, nikasukutua, nikatema tena. Kuku wakaja mbio kutazama nilichotema. Wakadonoa mara moja, wakapangusa midomo mchangani, wakaondoka. Kuku wangu mimi, wanaokula hata kipande cha sabuni.

"Mwanamisi!"

"Bee, Bibi."

"Njoo hapa, mke mwenzangu. Mswaki wangu umeufanya nini?"

Akatoka jikoni na kanga kiunoni, mikono myeusi mpaka vifundoni. Akautazama mswaki, akanitazama mimi, akaurudia mswaki.

"Kwani huu ni wako? Bibi, mweusi vile! Mimi nilidhani ni wa kusugulia masufuria."

"Unakaa wima kwenye kikombe, kando ya birika la kutawadhia. Ushaona wapi mswaki wa masufuria ukapewa heshima hiyo?"

"Nisamehe, Bibi. Nilisugulia beringi jana. Lakini niliuosha."

"Uliuosha kwa nini?"

"Kwa petroli."

Nikamwacha amesimama, nikaingia jikoni nikajionee. Ningalijua nisingaliingia. Kikombe changu cha kahawa, kile cheupe chenye ua la samawati nilicholetewa na marehemu mume wangu, kilikuwa kimejaa maji meusi yanayonuka, na ndani yake vimezama vitu vidogo kama vifungo vya shati. Hizo ndizo beringi. Juu ya ubao wangu wa kukatia vitunguu kigari cha rimoti kilikuwa kimelala chali, matumbo nje, kama samaki aliyepasuliwa. Kando yake kiboksi kidogo kimefunguliwa, na gia zake zimelala katika tope la kijivu linalong'aa, tope la mafuta ya zamani na mchanga wa Galu. Nilipoligusa kwa ncha ya kisu likavutika kama kamasi. Uniwie radhi kwa kusema hivyo, lakini neno jingine silijui.

Mwanamisi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Halima, na amekaa nami hapa Ukunda tangu amalize shule. Anajifunza kazi kwa fundi Kilonzo, mwenye kibanda pale Kona ya Musa. Kilonzo ni mtoto wa watu wa bara waliopata mashamba kule juu, na kazi yake ni kutengeneza vigari vya rimoti. Usidhani ni vile vya watoto. Hivi ni vya mashindano, vinakwenda mbio mpaka jicho linavikosa, na wenyewe ni watu wazima wenye ndevu zao na ofisi zao. Kila Jumamosi wanakutana Galu, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa hoteli, kwenye uwanja wa udongo waliouwekea vilima na kona, na hapo wanavirusha.

Kuhusu hiyo difu, alinieleza, nami nitakueleza kama nilivyoelewa. Gari likipinda kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Wakumbuke watoto walioshikana mikono kwa mstari wakizunguka: wa katikati anasogeza miguu tu, wa mwisho anakimbia mpaka nguo inampepea. Kile kiboksi cha gia, difu, ndicho kinachomruhusu wa nje akimbie na wa ndani aende pole, bila kung'oana mikono. Ndani hutiwa mafuta maalumu, ya mbele mazito, ya nyuma mepesi.

"Kama tui," nilimwambia siku ile. "La kwanza mbele, la pili nyuma."

"Hivyo hivyo, Bibi. Ila usije ukanitilia nazi."

Na beringi ni zile pete zenye gololi ndani, zinazobeba kila kinachozunguka. Mchanga ukiingia, gololi zinasaga badala ya kuteleza, moto unapanda, gia zinakatika meno, na kigari kinasimama katikati ya uwanja huku wenye ndevu wakicheka.

Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Kigari kile kilikuwa cha Daktari Saidi, daktari wa meno, mteja ambaye Kilonzo hataki kumkosa. Jumamosi iliyopita kilikwama kwenye kona, na ni Mwanamisi aliyekuwa amekisafisha. Kilonzo akamwambia mbele za watu: kikikwama tena wiki hii, Jumatatu asije. Pale kibandani yeye ndiye msichana peke yake. Wale vijana wenzake walishaanza kumwuliza kama atauza mahamri au viazi karai.

"Nimeosha kila kitu," aliniambia, akizitoa beringi kikombeni mwangu moja moja. "Nimeosha mpaka vidole vinaniwasha. Leo Kilonzo akizisikia zinazunguka vizuri, nimepona, Bibi. Niombee."

"Nitakuombea nikishapata mdomo wa kuombea. Huu hautamki jina la Mungu, umejaa petroli."

Akacheka, akazifunga beringi zake kitambaani, akaenda. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, natafuna kipande cha tangawizi, naipigia ile ladha kelele za moyoni. Na ladha nayo haikutoka. Ilishuka chini, chini zaidi, mpaka ikanifikisha Munje, utotoni mwangu.

Watu wakikumbuka utoto wa pwani hii hukumbuka asumini na mahamri. Mimi nakumbuka mafuta ya papa.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa Mzee Bakari, na nyuma ya nyumba ya Mzee Bakari kulikuwa na pipa. Papa akivuliwa, maini yake yalitupwa mle, na jua likaachiwa kazi. Hakuna aliyepika, hakuna aliyekoroga. Maini yalioza, yakavimba, yakapasuka, yakayeyuka, na mafuta yakaelea juu, ya rangi ya chai iliyolala, na juu ya mafuta nzi wa kijani, na juu ya nzi ile harufu. Wenye vyombo waliyapaka mashua zao chini ili fukusi wa baharini wasizile mbao, na naamini fukusi walikimbia kwa sababu wana pua. Ukikanyaga tone moja ulilala nalo. Ukiliosha kwa sabuni, linanuka na sabuni pia. Upepo ukigeuka wakati wa chakula cha mchana, Bibi yangu alifunika sinia kwa ungo, nasi tukakaa kimya tukisubiri ugeuke tena, tonge mkononi, kama watu wanaosubiri jeneza lipite.

Bibi huyo ni Mwanakombo binti Mwinyi, aliyetulea mimi na kaka yangu Omari. Alikuwa mwanamke wa usafi mkali. Ua ulifagiliwa mara mbili, mtungi ulifukizwa ubani, na mtoto hakusogea penye chakula bila kuonyesha kucha. Meno ndiyo usiseme. Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kutwanga mkaa wa vifuu pamoja na chumvi ya mawe, katika kinu kidogo, mpaka uwe unga, na unga huo ndio tuliosugulia meno nyumba nzima. Nilikuwa nakohoa vumbi jeusi mpaka jioni. Lakini meno yangu ninayo, na mpaka leo ninasaga vile vile na kuchovya mswaki humo. Dawa za tyubu sizitaki. Zina utamu wa peremende na povu la mbuzi mgonjwa.

Omari alikuwa na gari. Jirani yetu Salimu alikuwa mtia grisi katika kiwanda cha sukari, na beringi zilizochoka aliziokota akamletea. Omari akachonga mihimili ya mti, akapachika beringi nne ziwe magurudumu, akapigilia mbao juu, akafunga kamba ya kuongozea mbele. Uliposukumwa kwenye barabara ngumu ule mkokoteni ulivuma ngurrr mpaka meno yanatetema. Mimi niliupenda kwa shingo yangu, kwa sababu tangu siku ile debe la maji lilishuka kichwani likapanda gari. Wasichana wenzangu waliinamisha vichwa njiani wamelowa mpaka mgongoni, na mimi natembea wima, mikono mitupu, nimejishika kiuno.

Basi ile grisi ya kiwandani ikaisha. Gari likaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, na Omari, badala ya kumwendea Salimu, akaenda kwa jirani wa karibu zaidi. Akachota mafuta ya papa kwa kifuu, akayamimina ndani ya beringi, juu ya mchanga wa pwani uliokwisha kujaa humo. Hakufuta. Hakupuliza hata. Alimimina tu, na lile gari likanyamaza, naye akanitazama kama fundi mkuu.

Sasa mafuta ya papa yakiwa baridi ni balaa. Yakipata moto wa gololi zinazosagana na mchanga, yanapikika. Tulikuwa tukipita njiani na mvuke wake, na nyuma yetu paka. Kwanza paka wa kwetu, halafu wa jirani, halafu paka nisiowajua, wamepanga mstari mkia juu, kama watu wa arusi.

Na arusi ilikuwepo kweli. Binamu yetu Mwanajuma alikuwa anaolewa Msambweni. Mimi nilikuwa nimeahidiwa na mamake kwamba nitakaa ndani kabisa, kwenye chumba cha bibi arusi, nimshikie kipepeo cha kumpepea. Kwa mtoto wa rika langu hicho kilikuwa cheo. Nilishonewa gauni la waridi. Nilijifunza kupepea kwa kumpepea kuku aliyeatamia. Nguo za Mwanajuma zilikuwa kwetu, kwa sababu Bibi Mwanakombo ndiye aliyekuwa mjuzi wa kufukiza. Siku kadhaa nyumba ilinuka udi na asumini, nguo zimetandazwa juu ya kitunda cha kufukizia, hata Mzee Bakari na pipa lake tukawasahau. Asubuhi ya arusi zikakunjwa, zikatiwa sandukuni, na Bibi akasema sanduku lichukuliwe kichwani na mtu mzima. Mtu mzima akachelewa. Omari akasema, "Bibi, gari lipo." Bibi alikuwa ndani anavaa. Alidhani ni gari la mtu, gari la injini. Akasema, "Alhamdulillahi, liende."

Tukaenda. Tulipofika penye mteremko, beringi moja ikakwama. Mchanga na mafuta vilikuwa vimesagana vikawa uji mweusi, uji ukakauka ukawa kama udongo wa kufinyangia, na gurudumu likakataa. Gari likageuka ubavu, sanduku likaanguka, kifuniko kikafunguka, na nguo mbili tatu za juu zikamwagika kwenye majani. Kwenye majani safi. Bado tungeokoka. Lakini Omari alikuwa ameshaingiza vidole vyote kwenye beringi, anachokoa ule uji, anaupangusa kaptulani, na aliponiona nimesimama nalia akaona huruma. Akaja akaziokota nguo. Akazikung'uta, akazikunja vizuri, moja moja, akazilaza sandukuni, akazipapasa juu kwa kiganja ili zikae sawa. Kwa mikono ile ile.

Akafunga kifuniko. Jua likalipiga sanduku njia nzima. Udi na papa vikaoana mle ndani kabla ya maharusi wenyewe.

Somo wa bibi arusi, kungwi wake, alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye sauti. Alifungua sanduku mbele ya wanawake wote, akarudi nyuma hatua, akajifunika pua kwa buibui. "Nani kafia humu?" akasema. Mmoja akacheka. Mwingine akatoka kwenda kutapika, na sikuwahi kuamini kwamba alikuwa mjamzito kama alivyodai. Mwanajuma aliketi kitandani na hina yake mbichi, akaiona nguo yake ya kutokea ina alama ya vidole vitano, vyeusi, vimepangika vizuri kabisa kifuani. Alibana pua kwa vidole viwili, machozi yakamtoka juu ya vidole. Akaolewa na nguo ya kuazima.

Chumba cha ndani sikukiona tena. Nilipewa kazi ya kumenya vitunguu na wapishi, na gauni langu la waridi.

Bibi Mwanakombo hakutupiga. Ingekuwa afadhali. Siku ya pili alituita uani, akaiweka beringi moja kwenye kiganja cha Omari, akamwambia anuse. Omari akanusa. "Tena," akasema Bibi. Akanusa tena, macho yakamlowa.

"Uliyapaka mafuta juu ya nini?"

"Juu ya beringi, Bibi."

"Uliyapaka juu ya mchanga. Sasa wewe ukitoka shamba umejaa jasho na matope, utajipaka uturi hivyo hivyo uende msikitini?"

Akatuchemshia maji ya majivu katika sufuria iliyotoboka kando, tukazitumbukiza beringi zote, tukakoroga kwa kijiti, tukamwaga, tukachemsha maji mengine, tukamwaga, mpaka maji yakatoka yalivyoingia. Tukazianika juani juu ya kitambaa cheupe, mbali na ardhi. Ndipo akatoa chupa ya mafuta ya cherehani, akatia tone kwa kila moja, akasema ukiona mafuta umetia mengi. Gari likavuma tena. Lakini Bibi alikataa maji yaliyobebwa nalo, akasema anayasikia papa, na debe likarudi kichwani mwangu.

Nilikuwa nimefika hapo, ganda la tangawizi bado mdomoni, Mwanamisi aliporudi. Alasiri haijaingia. Nilijua kwa mlango alivyousukuma.

"Zinasaga," akasema. Akajitupa kwenye mkeka. "Kilonzo ameichukua moja, ameizungusha kwenye kidole, ameiweka sikioni, akanipa mimi nisikie. Zote, Bibi. Hata zile mpya za pakiti alizonipa. Amesema kama mchanga umefika mpaka kwenye mpya, basi mimi sijui kuosha. Nirudi nazo keshokutwa uwanjani zikiwa safi, au nisirudi."

"Nisikie na mimi."

Akaizungusha karibu na sikio langu zima. Kra, kra, kra. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye ufizi. Ni ule mlio wa kutafuna wali usiochambuliwa.

"Huu ni mchanga wa Galu, Bibi. Mweupe kama unga, unaingia kila mahali. Zimeshakufa hizi."

"Zile mpya zilikwenda Galu?"

Akaigeuza beringi kidoleni.

"Nakuuliza, mke mwenzangu. Mpya zimetoka kwenye pakiti zikaingia kwenye kikombe changu cha kahawa. Galu zimekwenda lini?"

"Hazijaenda." Akaketi. Akachukua moja, akang'oa kifuniko chake chembamba kwa ncha ya sindano, akagongesha ile beringi juu ya karatasi nyeupe. Ikaanguka punje. Ikaanguka nyingine. Mchanga wa Galu ni mweupe. Hizi zilikuwa nyeusi, na kati yake kulikuwa na chembe zinazometa.

Tulizitazama sote wawili. Mwanamisi akalowesha kidole, akachovya, akaweka ulimini.

"Chumvi," akasema polepole. "Bibi. Meno yako unasugulia nini?"

"Mkaa na chumvi. Tangu nikiwa mdogo, kila—"

"Yallah!" Akashika kichwa. "Chumvi haiyeyuki kwenye petroli! Wala mkaa! Nimesugua beringi za daktari wa meno kwa mkaa na chumvi! Nimezisaga kwa mkono wangu!"

"Wewe," nikamwambia, "mimi nimekula difu ya watu tangu asubuhi, na wewe unalia kwa sababu difu imekula mate yangu?"

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa. Tulicheka mpaka nikashika ukuta, na kila nikicheka ile petroli inapanda tena, nacheka na kichefuchefu pamoja. Kisha nikaona wasiwasi umemrudia usoni, nikaacha kucheka.

Nikamwambia habari ya Omari. Nikamwambia yote, papa, nguo, pua ya Mwanajuma, maji ya majivu. Aliposikia maji ya kuchemka akataka kubisha, akasema chuma kidogo hivi kikibaki na maji kinashika kutu. Halafu akajijibu mwenyewe: akiyatoa maji moto upesi, akazitumbukiza kwenye petroli safi, akaanika, maji hayatapata nafasi. Majivu akayakataa, akatia sabuni ya vyombo. Sikubishana naye. Nilitaka kikombe changu tu, nacho sikukipata, kimekwenda, nimemwachia.

Ijumaa yote jiko langu lilikuwa lake. Maji yalitoka ya kijivu, na juu yake utando wenye rangi rangi. Yalitoka ya kijivu kidogo. Yakatoka meupe. Difu akaikwangua kwa kijiti na kitambaa, na kile kitambaa sikutaka kukiona, nilikifukia nyuma ya choo kwa mkono wangu. Beringi zikaanikwa juu ya leso yangu nyeupe. Akatia tone la mafuta kwa sindano, gia akazijazia mafuta mapya ya mnato, akayaacha yatulie mpaka mapovu yakapanda yakaisha. Akaizungusha moja kwenye sikio langu. Sikusikia kitu. Nikamwuliza kama imesimama. Akanionyesha. Ilikuwa bado inazunguka.

Jumamosi nikataka kwenda naye Galu nikajionee kilichonilisha petroli. Mahali penyewe pananuka mota zilizoungua na viazi vya mafuta, watu wanakula na vidole vile vile wanavyoshikia grisi. Kilonzo alinijia akitabasamu, akaniita bibi kwa lugha ya mjini.

"Shosho! Uko poa?"

"Marahaba," nikamjibu, ingawa hakuniamkia.

Daktari Saidi mwenyewe ndiye aliyeshika rimoti, na kuendesha hajui, Mungu amsamehe. Aligonga kilima, aligonga kigari cha mwenziwe, alikipindua, kikainuliwa, kikaenda tena. Mwanamisi alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Kila kona aliacha kupumua. Pale kilipokwama wiki iliyopita kikapinda, gurudumu la nje likakimbia, la ndani likaenda pole, kikapita. Kikapita tena. Akamaliza wa mwisho, au karibu na wa mwisho, lakini alimaliza kwa magurudumu yanayozunguka.

Kilonzo akakichukua kikiwa bado na moto, akafungua gurudumu, akasukuma mhimili kwa kidole, akaweka sikio. Akasikiliza muda mrefu. Vijana wake walikuwa wamesogea.

"Umeosha na nini, wewe?"

"Maji moto na sabuni, halafu petroli."

"Na mswaki?" akauliza Daktari Saidi, kwa furaha, kama mtu aliyesikia neno la kwao. "Laini au mgumu?"

"Mpya, daktari," akasema Mwanamisi, bila kunitazama.

"Vizuri sana. Mswaki ukizeeka utupwe." Akanitabasamia kwa meno meupe yote. Mimi nilifumba mdomo wangu nikaitikia kwa kichwa.

"Jumatatu ukuje mapema," Kilonzo akamwambia. "Kuna difu zingine zinakungoja, na hizo ni chafu kuliko hii."

Siku chache baadaye nilikwenda Munje mazikoni. Nikapita nyuma ya kwa Mzee Bakari. Lilipokuwa pipa pana choo cha matofali. Nikawauliza vijana wa mashua wanapaka nini chini, wakasema rangi ya dukani, na nyingine hazipakwi, ni za faiba. Nikawauliza mafuta ya papa. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni dawa ya kifua.

Salimu hayuko. Omari alikwenda zamani, mikono yake ile Mungu aiweke pema. Mwanajuma ndiye tuliyemzika siku hiyo, na maisha yake yote, mpaka amekuwa bibi wa wajukuu, tukikutana sokoni au msibani, alikuwa akibana pua kwanza kwa vidole viwili, ndipo tukaamkiana. Si kwamba nayatamani yale mafuta. Yakirudi leo nahama Kwale nzima. Lakini kinyaa nacho kinataka mwenzio. Namwambia mtu lile pipa lilikuwa likinuka, anatikisa kichwa kwa adabu, anasema pole, Bibi, na naona wazi usoni mwake kwamba hakunusa kitu.

Jioni ile niliporudi, Mwanamisi alikuwa ametangulia kufika kutoka kazini. Alinisubiri mlangoni na mikono nyuma, na kabla sijavua viatu akaileta yote miwili chini ya pua yangu.

"Nusa, Bibi. Ni difu iliyokuwa imefungwa toka mwaka jana."

Nikanusa. Astaghafirullahi. Machozi yakanitoka, nikajishika mlangoni. "Toa huko! Toa huko, mchafu we!" Nikabana pua kwa vidole viwili. Naye akabana ya kwake, kwa vidole vile vile vyeusi, akaacha alama mbili puani, tukasimama hivyo tunatazamana.

"Shikamoo, Bibi," akasema, kwa sauti ya puani.